William Booth: Jenerali aliyefungulia depo watu waliolala darajani

Katika Kongo, jina la William Booth linajulikana zaidi kwa watu wa Armée du Salut, lile Jeshi la Wokovu lenye kofia, bendera na fanfare. Wachache wanajua kama huyu Mwingereza aliyekufa mwaka 1912 ndiye aliyeanzisha, katika mji wa London, nyumba nyingi za kulaza watu waliokuwa wanalala nje. Na wachache zaidi wanajua kama kitabu chake kikubwa juu ya maskini wa Uingereza kinaanzia mbali sana na London: kinaanzia ndani ya pori la Ituri.

Maisha yake yanafaa kukumbukwa leo. Katika miji ya mashariki, kila usiku kuko watoto wanaoitwa maibobo, na watu wakubwa pia, wanaojitafutia mahali barazani kwa maduka, ndani ya soko na chini ya mabati ya parking. Wapita njia wanawaona. Booth naye aliwaona wa kwake, lakini alichelewa. Alikuwa karibu kufikisha miaka 60 wakati alipowaona kweli.

Mtoto wa duka la rehani

Booth alizaliwa tarehe 10 Aprili 1829 katika Sneinton, pembeni ya mji wa Nottingham, katikati ya Uingereza. Baba yake, Samuel, alikuwa mtu wa kujenga nyumba, alitafuta mali na akaipata kidogo, kisha akaipoteza. William alipofika miaka 13, pesa ya masomo haikuwako tena. Akatolewa shule na kupelekwa kujifunza kazi katika duka la rehani. Mwaka uleule, 1842, baba yake akafa. Mama akabaki kutafuta chakula cha watoto kwa duka dogo.

Kazi ya rehani ilimfundisha mambo ambayo hayaandikwe katika daftari la shule. Mtu anakuja na koti lake, anapewa pesa kidogo, koti linabaki. Akipata pesa, anarudi kulikomboa na kulipa faida juu yake. Kuko wenye kuweka nguo ya ibada siku ya Jumatatu na kuikomboa Jumamosi, juma kwa juma. Siku moja mtu anashindwa kuikomboa. Koti linauzwa, kisha blanketi, kisha vyombo vya kazi, na fundi aliyeuza vyombo vyake hana tena namna ya kupata kazi. Kijana Booth aliona kwa macho yake vile mtu anavyoshuka ngazi moja moja kabla ya kufika barabarani.

Alipokuwa na miaka 15 alishika imani kwa nguvu katika kanisa la Wamethodisti, akaanza kuhubiri barabarani pamoja na vijana wenzake. Mwaka 1849 akaenda London kutafuta maisha. Kazi aliyopata huko ikawa ileile: duka la rehani. Aliiacha baadaye akawa mhubiri. Mwaka 1855 alimwoa Catherine Mumford. Bibi yake huyu alikuwa mtu wa kusoma sana, na alisimama kuhubiri mbele ya watu wakati ambapo makanisa mengi yalikataa kabisa mwanamke apande mimbarani. Wakazaa watoto wanane. Mwaka 1861 Booth aliachana na wakubwa wa kanisa lake, sababu walitaka akae mahali pamoja na yeye alitaka kuzunguka akihubiri. Tangu hapo familia yote iliishi bila mshahara wa hakika.

Whitechapel, upande wa mashariki wa London

Katika 1865 Booth alianza kuhubiri Whitechapel, katika mtaa wa mashariki wa London, karibu na bandari. London ya wakati ule ndiyo ilikuwa mji mkubwa kuliko yote duniani, na mali ya nchi nyingi ilishukia katika bandari zake. Wanaume waliopakua ile mali waliishi kwa kazi ya siku. Asubuhi mapema walijipanga mbele ya mlango wa bandari kwa mamia. Mkubwa wa kazi alichagua aliowataka, wengine wakarudi mikono mitupu. Aliyepata kazi alikula. Aliyekosa siku tatu mfululizo alikosa kodi ya kitanda. Sababu wengi hawakuwa na nyumba: walilala katika nyumba za kukodi kitanda kwa usiku, kwa peni nne hivi. Mwenye kukosa peni nne alilala nje.

Booth alihubiri chini ya hema, ndani ya majumba ya ngoma, mbele ya nyumba za pombe. Katika miaka ya mwanzo ya 1870 kikundi chake kilijaribu pia maduka ya chakula cha bei ya chini. Biashara ile haikusimama. Mwaka 1874 ilikuwa imekwisha. Mwaka 1878 kikundi kikapata jina la Jeshi la Wokovu, na Booth akawa Jenerali. Kukawa makapteni, maluteni, bendera na nguo moja. Wanawake walipewa vyeo sawa na wanaume.

Wakaaji wengi wa London hawakupenda kelele zile. Wenye nyumba za pombe waliona wateja wanapungua. Vikundi vya vijana vilitupia wafuasi wa Booth mawe na matope, na mahakimu mara nyingi waliwafunga waliopigwa, eti walizuia barabara. Hata hivyo jeshi likaongezeka, likavuka bahari.

Kwa miaka mingi Booth aliamini kama roho ya mtu ikibadilika, maisha yake yatafuata. Waliomfundisha upande mwingine walikuwa watu wake wenyewe, wale waliolala katika mitaa ya maskini. Mwaka 1883, katika mji wa Melbourne, Australia, wafuasi wake walifungua nyumba ya kupokea wanaume wanaotoka gerezani bila mahali pa kwenda. Mwaka 1884, Whitechapel kwenyewe, ikafunguliwa nyumba ya wasichana waliokuwa barabarani. Kazi hizo zilianza chini, na Jenerali akazikuta zinaendelea.

Usiku wa daraja

Mwisho wa mwaka 1887, Booth alikuwa anarudi London usiku sana, ametoka kuhubiri mji mwingine. Gari lilipovuka daraja la London aliona watu wamelala ndani ya vile vichumba vya mawe pembezoni mwa daraja, baridi kali, bila kitu cha kujifunika zaidi ya makaratasi ya gazeti. Hakupata usingizi.

Asubuhi yake alimwita mtoto wake wa kwanza, Bramwell, aliyekuwa msaidizi wake mkubwa, akamwuliza kama alijua habari ile. Bramwell alijua. Watu wengi wa London walijua, sababu haikuwa siri. Akaanza kumweleza baba yake kama haiwezekani jeshi lishughulikie kila shida ya mji. Mzee hakutaka kusikia. Alimwagiza atafute depo, aipashe moto, atafute kitu cha kuwafunika watu. Akaongeza onyo moja: wasiwadekeze.

Hilo jambo dogo ndilo lenye uzito katika maisha yake yote. Hakuanza na mkutano wala uchunguzi. Hakungoja serikali. Depo ilikuwa tupu, watu walikuwa darajani, na kati ya hao wawili ilikosekana tu mtu wa kufungua mlango. Mwanzoni mwa mwaka 1888 nyumba ya kwanza ilifunguliwa Limehouse, karibu na bandari. Nyingine zikafuata Clerkenwell, Westminster na Blackfriars, pamoja na nyumba ya wanawake Whitechapel.

Sheria juu ya mtu asiye na kitanda

Ili kuelewa kwa nini nyumba hizo zilijaa, inafaa kujua vile serikali ya Uingereza iliwatendea watu wa nje. Sheria ya mwaka 1824 ilifanya kulala nje bila pesa kuwe kosa. Mtu aliyekamatwa chini ya ukuta au ndani ya zizi aliweza kuhukumiwa miezi mitatu ya gereza na kazi ngumu. Kwa hiyo polisi walipita usiku kucha wakiwaamsha watu na kuwasukuma waende mbele. Kwenda wapi, haikuwa kazi ya polisi kujibu. Sheria za namna hiyo zilifika Kongo pia: amri juu ya uzururaji na kuombaomba ilitolewa mwaka 1896, wakati wa Léopold II.

Serikali ilikuwa na vyumba vya kulaza wapitaji, vilivyoshikamana na nyumba za maskini. Kitanda kilikuwako, lakini kwa masharti. Mtu alinyang'anywa nguo zake, akaogeshwa, akapewa mkate. Kesho yake alipasua mawe au kufumua kamba nzee za meli kwa vidole. Sheria ya mwaka 1882 iliongeza kama asitoke mpaka asubuhi ya siku ya pili baada ya kuingia, saa tatu. Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Kazi ya bandari iligawanywa mapema sana. Aliyeingia kulala alipoteza siku nzima, na siku ya kutoka alifika bandarini wakati milango imefungwa. Usiku uliofuata hakuwa na peni nne, akarudi palepale alipotoka. Ndiyo sababu wengi walipenda daraja kuliko kitanda cha serikali.

Peni nne

Nyumba za Booth zilifanya kazi kwa namna nyepesi. Kuanzia saa kumi na moja jioni watu waliingia. Kila mtu alilipa peni nne. Kwa pesa hiyo alipata kikombe kikubwa cha kahawa, chai au kakao na kipande kinene cha mkate, mahali pa kunawa kwenye maji ya moto, kitanda cha usiku, na chakula kingine asubuhi. Baada ya kula watu walizungumza, wengine wakashona nguo zao. Saa mbili kulikuwa na mkutano wa kuimba na ushuhuda. Saa nne hivi taa zikapunguzwa.

Kitanda chenyewe kilikuwa sanduku la mbao lisilo na kifuniko, na godoro la kitambaa kisichopitisha maji, lililojazwa majani ya bahari, pamoja na kifuniko cha ngozi. Vitu hivyo vilichaguliwa sababu chawa havikai humo na vinapanguswa kwa maji. Masanduku yalipangwa mistari mirefu, na watu wakayaita majeneza. Katika nyumba ya Blackfriars, mtu aliyekuwa na peni moja tu aliweza kukaa kwenye benchi ndani ya chumba chenye moto. Ilikuwa afadhali kuliko mvua.

Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi watu waliamka, wakanawa, wakala, wakatoka. Mtu wa bandari aliweza kwenda kutafuta kazi ya siku ile. Tofauti na chumba cha serikali ilikuwa hapo hasa: mlango ulifunguka asubuhi.

Kwa nini peni nne, na si bure? Booth aliona kama mtu aliyelipa anaingia akiwa mteja, hajioni kama mwombaji. Baada ya mgomo mkubwa wa bandari wa mwaka 1889, mfanyakazi wa bandari alipata peni sita kwa saa; kwa hiyo peni nne ilikuwa chini ya malipo ya saa moja, kama kazi ilipatikana. Aliyekosa kabisa alipelekwa kwenye karakana ya jeshi: kupasua kuni, kutengeneza mikeka, useremala, kuchagua makaratasi na nguo nzee zilizookotwa mjini. Kwa kazi hiyo alipata kula na kulala. Wahenga wa Kiswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Booth hakuijua methali hii, lakini alijenga nyumba zake juu yake. Kosa la serikali lilikuwa kumpa mgeni jembe siku ya kwanza na kumfungia mlango siku ya pili.

Pori la Ituri ndani ya kitabu cha London

Mwaka 1890 Booth alitaka kuonyesha nchi nzima kama depo chache hazitoshi. Wakati huohuo Uingereza yote ilikuwa inasoma kitabu kipya cha Henry Morton Stanley juu ya safari yake ya kumtafuta Emin Pasha. Mwaka 1887 Stanley alitoka Yambuya, kando ya mto Aruwimi, akaingia ndani ya pori la Ituri. Ilimchukua siku 160 hivi kulivuka mpaka kutokea upande wa nyasi na kufika kwenye ziwa Albert. Wabeba mizigo wake wengi walikuwa watu wa Zanzibar. Wengi wao walikufa njiani kwa njaa, magonjwa na mishale. Vijiji vilivyokutana na msafara ule viliporwa chakula na kuchomwa.

Booth alichukua habari hiyo akaigeuza mfano. Wazungu wanalia juu ya pori lenye giza la Afrika, aliandika, wakati mlangoni mwao, hatua chache kutoka makanisa makubwa, kuko pori jingine ambamo watu wanapotea. Wafanyabiashara wa watumwa na pembe za ndovu aliwalinganisha na wenye nyumba za pombe na matajiri wa London waliokula jasho la maskini. Kitabu chake kilitoka Oktoba 1890, kikapewa jina lenye kufanana na la Stanley. Mwandishi wa magazeti William Stead alimsaidia kukiandika.

Mfano ule ulikuwa na nguvu, na ulikuwa na dhuluma pia. Wakaaji wa Ituri, Wabantu na Wambuti, walitumiwa kama picha ya giza na mtu ambaye hakukanyaga nchi yao hata siku moja. Msomaji wa Mambasa au Bafwasende ana haki ya kukunja uso. Lakini lengo la Booth lilikuwa kuwapiga Waingereza kwa fimbo yao wenyewe: kama mnaona aibu juu ya nchi ya mbali, angalieni nyumbani.

Aliwapa hesabu. Usiku mmoja wa mwaka 1890 watu wake waliwahesabu waliolala nje kando ya mto Thames na katika soko la Covent Garden. Walipata watu 368: 270 kando ya mto, 98 sokoni. Walizungumza na baadhi yao, na wengi walikuwa mafundi na wafanyakazi waliokosa kazi, wengine wamefika kutoka mashambani. Kwa nchi nzima Booth alikadiria watu milioni tatu waliozama katika shida, yaani mmoja katika kumi. Kisha akatoa mfano wa farasi wa kuvuta gari mjini London. Farasi akianguka barabarani anasimamishwa kwanza, hakuna anayemwuliza alianguka sababu ya uzembe au la. Na wakati wote wa maisha yake ana chakula, mahali pa kulala na kazi. Booth aliomba mtu apate angalau kile farasi anachopata.

Mpango wake ulikuwa na ngazi tatu. Ya kwanza mjini: chakula, kitanda, karakana na ofisi ya kutafutia watu kazi, iliyofunguliwa mwaka 1890. Ya pili ni shamba la kufundishia kilimo. Ya tatu ni kuwapeleka watu ng'ambo kupata ardhi. Aliomba pauni laki moja ili aanze, na pauni elfu thelathini kila mwaka. Ndani ya miezi michache laki moja ilipatikana.

Lakini mwezi uleule wa kitabu, tarehe 4 Oktoba 1890, bibi yake Catherine alikufa na kansa. Kurasa nyingi za mpango ule Booth aliziandika akiwa karibu na kitanda cha mgonjwa.

Kiberiti na shamba

Mwaka 1891 jeshi lilifungua kiwanda cha kiberiti mashariki mwa London. Viwanda vingine vilitumia fosfori nyeupe, sumu iliyooza mifupa ya taya ya wasichana waliotengeneza kiberiti. Kiwanda cha Booth kilitumia fosfori nyekundu, isiyo na hatari ile, na kililipa peni nne kwa maboksi 144, wakati wengine walilipa karibu peni mbili na nusu. Kiberiti chake kilikuwa ghali kidogo na biashara haikudumu miaka mingi. Lakini ilionyesha watu kama inawezekana, na mwaka 1908 bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kukataza fosfori nyeupe.

Mwaka huohuo wa 1891 shamba lilinunuliwa Hadleigh, karibu na mahali Thames inapoingia baharini. Wanaume waliotoka nyumba za usiku walilima mboga, walifuga wanyama, walichoma matofali. Ngazi ya tatu haikutokea kama ilivyoandikwa, ila maelfu ya watu walisaidiwa kuhamia Canada.

Lawama

Booth hakukosa wapinzani, na si wote walikuwa na roho mbaya. Mtaalamu wa sayansi Thomas Huxley aliandika barua nyingi katika gazeti The Times, akionya kama ni hatari kuweka pesa nyingi na watu wengi chini ya amri ya mtu mmoja ambaye hahojiwi na mtu yeyote. Kamati ya watu wa nje ilichunguza hesabu mwaka 1892 na kuona pesa haikuibiwa. Hata hivyo swali la Huxley lilibaki na maana yake. Booth alitawala kwa amri kweli. Frank Smith, aliyeongoza kazi ya msaada, aliacha mwanzoni kabisa mwa mpango. Watoto watatu wa Booth nao waliacha jeshi baadaye.

Vyama vya wafanyakazi vililalamika juu ya karakana. Seremala aliyelipwa chakula na kitanda alitengeneza vitu vilivyouzwa kwa bei ya chini, na seremala wa nje mwenye watoto akakosa kazi. Madaktari wa mji waliogopa magonjwa katika vyumba vilivyojaa. Wengine walisema nyumba za usiku zinavuta watu wa mashambani waje London. Lawama hizi zinasikika mpaka leo kila mahali panapofunguliwa nyumba ya kupokea watu, na mwenye kuifungua anapaswa kuwa na jibu: nani anaangalia pesa, kazi ya wapokelewa inamnufaisha nani, na vyumba vina hewa na maji kiasi gani.

Siku za mwisho

Katika uzee wake waliomcheka walianza kumheshimu. Mwaka 1905 mji wa London ulimpa heshima ya raia, na mwaka 1907 chuo kikuu cha Oxford kikampa shahada. Alizunguka Uingereza kwa motokari, ndevu nyeupe zikipepea, akisimama mji kwa mji. Jicho moja lilitolewa mwaka 1909. Mei 1912, mbele ya watu wengi katika jumba la Albert, alihubiri mara ya mwisho. Muda mfupi baadaye akafanyiwa upasuaji wa jicho la pili, usifaulu, akawa kipofu. Alikufa tarehe 20 Agosti 1912, na miaka 83.

Watu wapatao 150,000 walipita mbele ya mwili wake. Walioandika habari za siku zile waliona katika mstari ule watu wa kila namna, na kati yao wale waliowahi kulala katika masanduku ya mbao. Alizikwa katika makaburi ya Abney Park, kaskazini mwa London, pembeni ya Catherine.

Miaka 22 baada ya kifo chake, mwaka 1934, Mbelgiji Henri Becquet na bibi yake walileta Jeshi la Wokovu Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Hivyo kazi iliyojitangaza kwa mfano wa pori la Kongo ikafika Kongo yenyewe, na leo wanaoiendesha sehemu kubwa ni Wakongomani wenyewe.

Shida ya mtu wa darajani haikuisha London, na ya maibobo haifanani nayo kwa kila kitu: hapa kuko vita, kuko wakimbizi wa ndani, kuko watoto walioitwa wachawi na kufukuzwa nyumbani. Lakini saa ya asubuhi ni ileile. Katika soko la Virunga Goma, Kadutu Bukavu au soko la Bunia, mizigo inashuka mapema, na kijana anayetaka kubeba gunia au kusukuma chukudu anapaswa kuwa pale kabla ya jua kuwaka. Nyumba inayompokea usiku inafaa ijiulize jambo lile ambalo chumba cha serikali cha mwaka 1882 hakikujiuliza: mlango wake unafunguka saa ngapi asubuhi?